Programu inakataa kufunguka: hii .dll yenye inapotea kila siku ni nini?

Ilikuwa saa kumi na moja ya mangaribi. Habari za saa kumi na mbili na nusu zilikuwa karibu. Nilikuwa nimetoka kuongea na mama mmoja muuguzi juu ya kolera. Alieleza vizuri sana: fasi gani watu wanaweza kuteka maji yenye yametiwa dawa, alama gani za kuangalia kwa mutoto, na kwamba mutu mwenye anahara maji asingojee kuche ndipo afike kwa matunzo. Dakika saba za sauti ndani ya telefone yangu. Hapa Kalemie kila mutu anajua kolera ni nini. Habari ya namna ile haiwezi kulala.

Nikaingiza sauti katika ordinatere ya studio, nikafungua Audacity, ile programu tunatumia kwa kukata na kupanga sauti. Ikafunguka bila shida. Nikaipa ile fishie ya telefone, yenye jina lake linamalizika na .m4a. Ikakataa. Ikaandika kwamba inahitaji maktaba inayoitwa FFmpeg, na kwamba haikuiona. Kijana mmoja mwenye alikuwa anafanya staje kwetu akaniambia: "Yaya, usisumbuke, iko inaomba .dll tu. Nitaitafuta kwa intaneti."

Akaipata kwenye site moja yenye hatukuijua, kwa mega zake mwenyewe, akaibandika ndani ya dosie ya programu. Haikusaidia kitu. Habari zikaenda hewani bila ile sauti, mimi nikasoma maneno ya muuguzi kwa kinywa changu, kwa kukumbuka. Kisha siku mbili, dosie zote kwenye fulashi zetu zilikuwa zimegeuka rakursi zenye hazifungui kitu. Tukapoteza sauti za miezi miwili.

Toka siku ile niliamua kuelewa hii mambo. Sikusoma informatike. Niliuliza mafundi, nikasoma, nikajaribu mwenyewe. Ninaandika hapa yale niliyoelewa, juu ninajua shida hii haiko ya redio peke yake. Iko kwa siberi, kwa sekretaria za kupiga karatasi, kwa masomo na kwa ofisi za hapa mujini, na hata kwa wenzetu wa Moba, Nyunzu, Kongolo, Kabalo na Manono.

Programu haitembei peke yake

Watu wengi wanafikiri programu ni kitu kimoja, kama jiwe. Hapana. Programu ni kama nyumba yenye inaishi kwa kuazima.

Tuchukue ile Audacity. Ilianza mwaka 1999 katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, inchi ya Marekani, kwa mikono ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, na watu wote wakaanza kuipata mwaka 2000. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya C++, yenye ilizaliwa na lugha ya C. Ile C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, kuanzia karibu mwaka 1972. Hizi ni lugha zenye watu wanatumia kwa kuandika vitu vyenye viko karibu na mashini yenyewe: moyo wa Windows, moyo wa Linux, na ule moyo wa Linux njo uko ndani ya telefone zetu za Android.

Wale walioandika Audacity hawakuandika kila kitu wao wenyewe. Kusoma sauti ya .m4a, kwa mufano, ni kazi ndefu yenye hesabu nyingi. Kazi ile watu wengine walikuwa wameisha kuifanya. Mufaransa mmoja, Fabrice Bellard, alianza mwaka 2000 kazi yenye inaitwa FFmpeg, yenye inajua kusoma karibu kila namna ya sauti na video. Basi, badala ya kuandika upya, Audacity inapiga hodi kwa FFmpeg: "Nisomee hii."

Kifungo cha kazi ya namna ile, yenye haifanyi emisio yake peke yake lakini programu zingine zinakuja kuazima kwake, njo inaitwa maktaba. Haiko nyumba ya vitabu. Kwenye Windows, fishie ya maktaba inamalizika na .dll. Kwenye Linux ni .so. Kwenye ordinatere za Apple mara nyingi ni .dylib. Jina tofauti, kazi moja.

Na maktaba yenyewe inaweza kutegemea maktaba ingine, na ile ingine tena. Unafikiri unafungua programu moja, kumbe umeita jamaa muzima.

Kinu cha jirani

Kuna njia tatu za programu kupata maktaba yake. Nitazieleza kwa mambo ya kiwanja.

Njia ya kwanza: mama ananunua kinu chake mwenyewe na kukiweka ndani ya nyumba. Hapo maktaba inaingizwa ndani ya programu wakati wa kuijenga, vinakuwa fishie moja. Uzuri wake: programu ile unaweza kuibeba kwa fulashi mupaka Nyunzu, itafanya kazi bila kuuliza mutu. Ubaya wake: ni nzito, na kinu kikipasuka, kila nyumba yenye ilinunua kinu cha aina ile inapaswa kubadilisha chake. Kosa likionekana katika maktaba, kila programu yenye iliimeza inaomba kujengwa upya.

Njia ya pili: kinu kiko kwa jirani, lakini mama hawashi moto kabla ya kukiona. Hapo, kila mara unapofungua programu, mashini inatafuta kwanza maktaba zote zenye programu imeandika kwamba inazihitaji. Moja tu ikikosekana, programu haifunguki. Uzuri wake: kinu kimoja kinatumikia kiwanja chote, nafasi inabaki, na kikitengenezwa mara moja, wote wanafaidika. Ubaya wake: jirani akihama na kinu chake, nyumba nyingi zinalala njaa.

Njia ya tatu: mama anawasha moto, anapika bugali na samaki bila kufikiria kinu. Lakini mugeni anafika na kusema anapenda sombe. Hapo tu mama anatuma mutoto: "Kimbia kwa jirani, uombe kinu." Programu inafunguka, inafanya kazi zake za kila siku, na inatafuta ile maktaba wakati kazi yake imefika. Kama kinu hakiko, mama mwenye akili anamwambia mugeni: "Sombe leo hapana, lakini bugali na samaki viko." Mama mwenye hana akili anaangusha chungu na kuzima moto.

Audacity inatumia njia ya tatu kwa FFmpeg. Njo maana ilifunguka vizuri ile mangaribi, ikakataa tu wakati nilileta .m4a. Sombe yangu ilikosa kinu.

Soma vizuri ile inaandikwa kwenye ekra

Ukielewa hizi njia, maneno ya mashini yanaanza kusema kitu.

Kama programu haifunguki kabisa, na inaandika kwamba VCRUNTIME140.dll haionekani, uko kwenye njia ya pili. Ile fishie ni ya Microsoft. Inatumiwa na programu nyingi sana zenye ziliandikwa kwa C na C++ kwa chombo chao kinachoitwa Visual C++. Haiuzwi, na haipaswi kutafutwa peke yake: iko ndani ya paketi moja, Visual C++ Redistributable, yenye Microsoft inatoa bure. Unaweka paketi nzima, na programu zote zenye ziliikosa zinafunguka kwa mara moja.

Kama programu imefunguka lakini kazi moja tu inakataa, uko kwenye njia ya tatu. Programu haijaharibika. Usiifute. Inakosa musaidizi wa kazi ile moja.

Nimeona watu wanalipa feza kwa kuweka Windows upya, wanapoteza kazi zao zote, juu ya fishie moja yenye ilikosekana.

Iko, lakini haikubaliki

Mara ingine maktaba iko pale pale, unaiona kwa macho, na programu inasema haiioni. Mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi tatu.

Ya kwanza ni namba ya toleo. Maktaba moja ya FFmpeg inaitwa avformat, na mwisho wa jina lake kuna namba. Audacity za zamani, nyingi kati ya zile za 2, kwenye Windows zilikuwa zinatafuta avformat-55.dll. Ukiwapa avformat-58.dll, ni kama umeleta muti mukubwa wa kutwangia kwa kinu kidogo: hauingii. Kwenye Linux namba iko pia ndani ya jina, kwa mufano libavformat.so.58. Namba ile inapopanda, wenye kutengeneza maktaba wanasema: tumebadilisha mpangilio wa ndani, mutu wa zamani asiingie akifikiri vitu viko fasi ileile. Namba haiko ya mapambo.

Ya pili ni biti. Programu ya biti 64 haiwezi kubeba maktaba ya biti 32, wala kinyume chake. Hapa kwetu ordinatere nyingi ni za okasion, zingine bado ni za biti 32. Mutu anakopia .dll kutoka mashini ya rafiki, jina ni lile lile, lakini mashini inakataa.

Ya tatu ni fasi. Mashini haitafuti kila kona. Ina fasi zake chache zenye inaangalia, kwa utaratibu wake. Maktaba ikikaa kwenye dosie ya "Téléchargements", ni sawa haiko.

Utaniuliza: juu ya nini Audacity isije na FFmpeg ndani, tumalize? Jibu haliko la ufundi, ni la sheria. Namna zingine za sauti zina haki za wavumbuzi, na kuzigawa kunaweza kuleta madeni katika inchi zingine. Iliwahi kuwa hivyo kwa MP3 pia. Wale walioanza kazi ya redio mbele yangu wanakumbuka lame_enc.dll: bila hiyo kwenye Windows, Audacity haikutoa MP3. Mwaka 2017 mupango wa kulipisha haki za MP3 ulifungwa, na toka Audacity 2.3.2 ya mwaka 2019, LAME inakuja ndani. Wenye ordinatere ya programu ya zamani bado wanahangaika na shida yenye iliisha.

Hatari ya kuokota

Sasa turudi kwa lile kosa letu la studio.

Fishie ya .dll haiko kama picha ao barua. Ni kazi. Programu ikiibeba, ile .dll inapata nguvu yote ya programu: kusoma fishie zako, kuzifuta, kujikopia kwa fulashi. Tena, kwenye Windows, programu inapotafuta maktaba ya kawaida kwa jina tu, dosie yake mwenyewe ni kati ya fasi za kwanza zenye inaangalia. Kwa hiyo mutu akiweka .dll mubaya ndani ya dosie ile, amemupa mwizi ufunguo wa nyumba na kumuonyesha kitanda. Siwezi kuapa kwamba ni fishie ile yenye iliharibu fulashi zetu, lakini tuliifungulia mulango sisi wenyewe.

Na hata wakubwa wa kazi hii wanaweza kudanganywa. Tarehe 29 mwezi wa 3 mwaka 2024, fundi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, alitangaza kitu chenye kilitisha dunia ya Linux. Alikuwa ameona kuingia katika mashini yake kwa mbali kunachelewa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Wengine wangesema reseau mubaya. Yeye alifuata, akakuta mulango wa siri umefichwa katika xz, chombo cha kukaza fishie, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mutu mwenye aliuweka, kwa jina la Jia Tan, alikuwa amesaidia ile kazi kwa zaidi ya miaka miwili mupaka akaaminiwa.

Angalia namna ulivyopita. Programu ya kuingia kwa mbali, OpenSSH, haihitaji xz. Lakini aina zingine za Linux zilikuwa zimeiunga na maktaba ya systemd, na systemd ilikuwa inaita maktaba ya xz, liblzma. Jirani wa jirani njo alileta mwizi. Bahati nzuri, ilionekana mbele haijafika kwa matoleo ya kawaida yenye watu wengi wanatumia.

Kwa vijana wenye wanajifunza kuandika programu

Kuna vijana wenye wanapitia kwetu na kusema wanajifunza C, ao Rust, lugha mupya zaidi ya kazi ileile, yenye toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015. Kwao nina maneno machache, yenye mafundi walinisaidia kupanga.

Kwenye Linux, programu ya C inayoita maktaba katikati ya kazi inatumia dlopen, kisha dlsym kwa kutafuta kazi fulani ndani yake kwa jina. Kwenye Windows ni LoadLibrary na GetProcAddress. Hii dlopen ikikosa, haipigi kelele: inarudisha kitu kitupu. Usipoangalia kama ni tupu, programu yako inaanguka mukononi mwa mutu mwenye hajui kitu. Uangalie, uulize dlerror sababu, na umuandikie mutu kwa lugha ya wazi: maktaba gani inakosekana, toleo gani, aitafute wapi. Audacity iliniambia jina la FFmpeg. Ingeniambia pia toleo gani, ningepoteza saa moja kidogo.

Tena, unapotafuta kazi kwa jina namna ile, hakuna mwenye anahakikisha kwamba kazi ile inapokea vitu vyenye unafikiri inapokea. Hata Rust, yenye inajulikana kwa ukali wake, inakulazimisha uandike kwamba fasi ile ni ya hatari na wewe njo unajibu.

Kwa Rust kuna Cargo, chombo chenye kinaleta maktaba za wengine. Inaandika ndani ya fishie moja, Cargo.lock, toleo kamili la kila moja yenye ulitumia. Usiitupe: njo inafanya mwenzako wa Kongolo ajenge kitu kilekile ulichojenga wewe. Na kwa inchi ya mega ghali, jua amri hii: cargo vendor. Inakopia maktaba zote ndani ya dosie moja. Unaifanya siku moja yenye reseau iko, kisha unaweza kujenga bila intaneti.

Na mbele ya kuongeza maktaba, jiulize: hii kazi siwezi kuifanya kwa mistari ishirini? Kila maktaba unayoongeza ni jirani mupya mwenye unapaswa kumuamini.

Ufanye nini ikikufikia

Kwanza, andika jina kamili la fishie yenye inakosekana, na namba yake, ao piga picha ya ekra.

Pili, uliza ni ya nani. Fishie haina mwenyewe, lakini paketi inaye. Tafuta paketi kwa mwenyewe: Microsoft kwa Visual C++, kurasa za Audacity kwa njia ya kupata FFmpeg. Kwenye Linux, omba kwa chombo cha kuweka programu cha mufumo wako, chenye kinajua kuleta na majirani wote wenye wanahitajika.

Tatu, hakikisha biti za programu na toleo lake mbele ya kumaliza mega zako.

Ine, usichukue .dll moja moja kwenye site zenye zinazigawa kama karanga. Hata kama rafiki anasema kwake ilifaa.

Tano, kama saa imebana, geuza kazi yenyewe. Sauti ya .m4a unaweza kuigeuza kuwa WAV kwa mashini ingine yenye iko na maktaba, na Audacity itaisoma bila kuazima kwa FFmpeg.

Njo vile tulifanya. Kesho yake asubuhi fundi mmoja alitugeuzia ile sauti, na mama muuguzi akasikika kwa kinywa chake. Lakini ilikuwa asubuhi, na yeye alikuwa amesema kwamba mutu asingojee asubuhi.

Leo katika studio kuna fulashi moja yenye haitoki, yenye tumefunga ili isiandikwe. Ndani yake kuna Audacity tunayotumia, FFmpeg yenye inalingana nayo, na paketi ya Microsoft, ya biti 32 na ya biti 64. Pembeni kuna kaye yenye tumeandika toleo la kila kitu na siku tuliyoiweka. Hata delestaje ikikata reseau yote, tunaweza kuweka mashini sawa kwa dakika chache. Ukiwa na ordinatere yenye shida hii, njoo nayo studio na fulashi tupu, tutakukopia. Ukituandikia, usisahau kutuma ile picha ya ekra.